Gari la Jirani Si Bango la Barabarani

Wadogo zangu, maswali ya wachumba na mawifi leo yapumzike. Barua zilizonijia kwa wingi ni zenu nyie mlioko Ubelgiji: wauguzi, wanafunzi wa Leuven waliobaki kufanya kazi, kaka na dada zetu wa Lubumbashi na Bukavu waliohamia miji midogo baada ya pango la Brussels kuwashinda. Wote mna kilio kimoja, nacho ni mahali pa kuegesha gari. Nimechagua barua moja inayobeba na kilio cha wenzake.

"Dada shikamoo. Mimi ni nesi, nahudumia wazee majumbani katika mji mdogo huku Flanders. Nilinunua gari la mtumba kwa sababu zamu yangu huanza kabla basi la kwanza halijapita. Sasa gari limekuwa mzigo. Nimepaki kwenye mtaa usio na bango hata moja, magari yamejipanga pembeni, na mimi nikajibana humo. Ikaja barua ya kulipa. Siku nyingine nimeliacha uwanja wa mbele ya kanisa Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi nashuka na kikapu, gari halipo. Kulikomboa ndiko kulikomaliza akiba yangu. Wenzangu wanasema ninaonewa kwa sababu ya rangi yangu. Nisaidie kabla sijaliuza."

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Gari usiuze. Nesi wa majumbani bila gari, kwenye mji ambao basi lenyewe ni la kusubiriwa, atachelewa kwa wagonjwa wake kila siku, na lawama zitakuwa zake.

Kuhusu kuonewa, sibishi kwamba ubaguzi upo, na siku ukikupata niandikie, tutazungumza tofauti. Ila kwa hili, miji mingi ya huko siku hizi hukaguliwa na gari lenye kamera juu ya paa. Linapita polepole, linapiga picha namba za magari, linauliza kompyuta kama namba hii imelipiwa au ina kibali. Halikuona uso wako, liliona namba yako tu.

Na mimi nikuulize: ulipofika pale mtaani uliangalia nini? Umeandika mwenyewe, magari yalikuwa yamejipanga, ukajibana. Sisi tuliokulia Dar, Mombasa au Bujumbura tumezoea kwamba magari manane yakipaki pembeni ya barabara, la tisa halihitaji ruhusa. Mkusanya ushuru akija, mtaongea. Ubelgiji gari la jirani halikuambii kitu. La kwanza lina kibali cha mkazi. La pili lina kadi ya mlemavu. La tatu mwenyewe kalipa kwa simu, kwa hiyo huoni karatasi yoyote kiooni. La nne limeshapigwa picha, barua yake iko posta. Wewe ndiye wa tano, huna lolote kati ya hayo, na umepaki kwa kujiamini.

Basi tuanze mwanzo.

Bango ulilolipita

Mtaa ule haukukosa bango. Bango lilikuwa nyuma, pale ulipoacha barabara kubwa ukaingia katikati ya mji. Huko maegesho hupangwa kwa zoni. Wanaweka bango kubwa jeupe la mstatili, lina neno ZONE, lina herufi P kwenye mraba wa buluu, na chini yake masharti. Kuanzia hapo, kila mtaa ulioko ndani unafuata masharti hayo hadi utakapokutana na bango kama hilo hilo lililokatwa kwa mistari, maana yake zoni imekwisha. Mitaa kumi na tano inaweza kuwa katikati, na yote isiwe na kibao.

Kwa hiyo zoea jambo moja: ukiingia mji wowote, punguza mwendo na usome mabango ya mwanzo. Kama uliingia ukiwa unabishana na simu, tembea kwa miguu hadi kona ya kuingilia ukasome. Dakika tano za kutembea ni nafuu kuliko ile barua.

Kwenye mabango hayo utakutana na maneno machache yanayojirudia. Upande wa Flanders, kwa Kiholanzi, ni "betalend", kwamba panalipiwa, "bewoners", wakazi, "uitgezonderd", isipokuwa, "werkdagen", siku za kazi. Upande wa Wallonia, kwa Kifaransa, ni "payant", "riverains", "excepté" na "jours ouvrables". Ukiyashika hayo manne kwa lugha ya upande wako, umeshasoma sehemu kubwa ya mabango ya mji.

Diski ya buluu

Zoni utakayokutana nayo sana kwenye miji midogo ni ya buluu. Hapo hulipi kitu, ila unapewa muda. Unaweka nyuma ya kioo cha mbele diski ya karatasi au plastiki yenye saa ya kuzungusha. Ni kitu cha bei ndogo sana, na mara nyingi utakipata bure kwa wakala wa bima. Nunua mbili, moja ikae garini daima.

Kama bango halisemi vinginevyo, zoni ya buluu inafanya kazi siku za kazi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni, na mwisho wa kukaa ni saa mbili. Hapo kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni Jumamosi. Kwa sheria za barabarani za Ubelgiji, Jumamosi ni siku ya kazi. Ofisi yako inaweza kufungwa, zoni haifungwi. Zinazopumzika ni Jumapili na sikukuu za kisheria, kama tarehe 21 Julai ambayo ni sikukuu ya taifa. Angalia pia tarehe 11 Julai: ni sikukuu ya Waflandria, ofisi ya manispaa imefungwa, bendera ya simba mweusi inapepea, lakini haimo kwenye orodha ya sikukuu za kisheria za nchi. Diski inahitajika kama kawaida.

Mtego wa pili ni kuzungusha. Diski ina alama za nusu saa nusu saa. Mshale hauwekwi kwenye dakika uliyofika, unawekwa kwenye alama inayofuata. Tuseme umefika saa 4 na dakika 10 asubuhi, ambayo kwenye diski ni 10:10. Mshale unaupeleka 10:30, na kwa zoni ya saa mbili una ruhusa hadi 12:30, yaani saa 6 na nusu mchana. Sheria yenyewe imekuongezea dakika ishirini, zichukue kwa moyo mweupe. Usijiongezee nyingine.

Mtego wa tatu ndio unaowaponza wajanja: kutoka nje, kusogeza mshale mbele, na kurudi ndani kunywa kahawa. Hairuhusiwi. Muda ukiisha gari lazima liondoke kwenye nafasi ile. Na zile diski za betri zinazojisogeza zenyewe kila muda unapopita ni udanganyifu mtupu. Ukimwona mtu anakuuzia, mkimbie.

Pa kulipia

Katikati kabisa, kuzunguka uwanja mkuu na mitaa ya maduka, kwa kawaida panalipiwa. Utaona mashine yenye kidirisha. Inakuomba namba ya gari, na hapa wengi hukosea. Namba nyingi za Ubelgiji huanza na tarakimu moja, kisha herufi tatu, kisha tarakimu tatu, kwa mfano 1-ABC-123. Ile 1 au 2 ya mwanzo ni sehemu ya namba. Ukiiacha, umelipia gari ambalo halipo, na kamera haitakuhurumia.

Miji mingi hutoa dakika za mwanzo bure, robo saa au nusu saa, ili mtu aingie duka la dawa atoke. Lakini bure hiyo hupewi hivi hivi, unaichukua: lazima uandike namba na ubonyeze kitufe chake. Kuna pia nafasi za kituo kifupi ziitwazo Shop & Go. Hizo mara nyingi zina kifaa ardhini kinachohesabu muda tangu gurudumu lako liingie. Nusu saa ikipita, kifaa kinamwarifu mkaguzi. Si mahali pa kukaa ukisema "natoka sasa hivi".

Njia nyingine ni kulipa kwa programu za simu kama 4411 au EasyPark. Uzuri wake unalipia dakika ulizotumia tu. Ubaya wake ni pande mbili: baadhi huongeza ada kidogo kwa kila safari, na usipozima, saa inaendelea kuhesabu. Kabla ya kuwasha, hakiki msimbo wa zoni uliobandikwa kwenye mashine. Mitaa miwili inayopakana inaweza kuwa na misimbo tofauti. Ukikuta kibandiko chenye alama ya kuskani kilichobandikwa ovyo juu ya mashine, usikiamini. Fungua programu yako mwenyewe.

Sasa nikuambie wapi kuna nafuu. Mji mdogo ni mdogo kweli. Ukiacha gari ukingoni mwa mji, nje kidogo ya barabara ya mzunguko, kutembea hadi uwanja mkuu ni dakika kumi au kumi na tano. Miji mingi imeweka huko viwanja vya bure au vya bei ndogo, makusudi watu wasiingie na magari katikati. Wenyeji wenyewe ndivyo wanavyofanya. Ramani yake iko kwenye tovuti ya mji, chini ya "parkeren" au "stationnement", na ina rangi kwa kila zoni. Kama mji una kituo cha treni, angalia pia uwanja wa kituo, ila usidhani ni wa bure. Wenye tiketi ya msimu ya treni kwa kawaida ndio wanaopewa bei ya chini.

Maegesho ya supamaketi ni mali ya mtu. Mengine yapo wazi, mengine yana diski, mengine yana kizuizi na tiketi. Soma kibao mlangoni, usiyafanye ya kulalia.

Jumamosi ya uwanja wa kanisa

Tuje kwenye gari lililopotea. Uwanja mkuu wa mji wa Kibelgiji haukujengwa kwa ajili ya magari, ulijengwa kwa ajili ya soko, na soko lipo hadi leo. Kila mji una siku yake. Ieper wanafanya Jumamosi asubuhi, pale pale kwenye Grote Markt mbele ya lile jengo kubwa la wauza nguo wa zamani. Tongeren wana soko la vitu vya kale kila Jumapili asubuhi, kwenye mitaa ya Veemarkt na Leopoldwal, na watu hutoka nchi jirani kulifuata. Mwenye kibanda anafika alfajiri na lori lake la jibini au kuku wa kuchoma, na nafasi yake ameilipia. Akikuta Toyota yako imelala hapo, anapigiwa simu mwenye gari la kuvuta, na bili inakuja kwako: kuvuta, na kuhifadhi kila siku ambayo hujaenda kulichukua.

Bango la soko lipo, ila ni dogo: duara la buluu lenye ukingo mwekundu na mstari mmoja mwekundu, chini yake siku na saa, na pengine mchoro wa gari linalovutwa. Usiku na mvua, mtu mwenye usingizi wa zamu halioni. Kwa hiyo siku ya kwanza ukihamia mji, muulize muuza mkate swali moja tu: soko ni siku gani na linafika mtaa gani? Halafu uliza habari za kermis, zile sherehe za mabembea na magari ya kugongana zinazoteka uwanja kwa siku kadhaa. Ukiwa Binche, hata usiulize. Wakati wa kanivali yao, inayofikia kilele Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu, peleka gari mbali na shuka kwa miguu.

Ndugu wa bango la soko ni mabango ya muda. Mtu akihama nyumba au mafundi wakija na kreni, mji unaruhusu vibao vya kusimamishwa mbele ya nyumba siku chache kabla. Ulipaki Jumatatu pakiwa salama, Jumatano kibao kimewekwa, Ijumaa unavutwa. Ukisafiri kwenda kusalimia nyumbani wiki tatu, usiache gari mtaani bila mtu wa kulitazama. Mwachie funguo rafiki. Na wewe ukihama, omba vibao hivyo manispaa mapema. Usiweke viti na ndoo barabarani kama tufanyavyo msibani.

Pasipo bango napo pana sheria

Kuna sehemu ambazo haziwekwi bango kwa sababu dereva anatakiwa kujua. Mita 5 kutoka kwenye kona ya njia panda. Mita 5 kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu au cha baiskeli. Mita 15 kila upande wa nguzo ya kituo cha basi. Juu ya njia ya baiskeli. Juu ya njia ya miguu ndani ya mji, isipokuwa pameruhusiwa wazi. Pembeni mwa ukingo uliopakwa vipande vya rangi ya manjano. Na mbele ya lango la mtu.

Hapo kwenye lango utaona jambo litakalokushangaza: mlango wa gereji una namba ya gari imepakwa rangi au imebandikwa kibao. Si urembo. Sheria inamruhusu mwenye nyumba apaki mbele ya lango lake kama namba ya gari hilo imeandikwa langoni na inasomeka. Namba isiyoandikwa, hata ikiwa ya shemeji yake, haina ruhusa hiyo. Ndiyo maana nakwambia usimwige mtu: aliyepaki mbele ya gereji leo anaweza kuwa ndiye pekee mwenye haki hiyo.

Mabango mengine ya duara yashike hivi. Mstari mmoja mwekundu: usipaki, ila kumshusha mgonjwa au kushusha mizigo kisha kuondoka inaruhusiwa. Mistari miwili iliyopishana: hata kusimama hapana. Marufuku inahusu upande ule lilipo bango, kuanzia hapo hadi njia panda inayofuata. Kishale kidogo kilichoelekea juu chini ya bango kinasema marufuku inaanza, kilichoelekea chini kinasema inaishia.

Ukiona duara lenye 1-15, upande huo hupaki nusu ya kwanza ya mwezi. Lenye 16-31, nusu ya pili. Iko pia miji midogo inayoweka utaratibu wa kupishana kwa mji wote, na bango lake utalikuta, wapi tena, unapoingia mjini. Hapo tarehe 1 hadi 15 magari hukaa upande wa nyumba zenye namba witiri, kuanzia 16 upande wa namba shufwa, na kuhama hufanyika siku ya mwisho ya kipindi kati ya saa 1 na nusu na saa 2 usiku. Mtaa mzima unawasha magari jioni moja. Ukiwa zamu ya usiku tarehe hizo, usiliache mtaani.

Wenye watoto, mkumbuke mtaa wa shule. Mwanzo na mwisho wa masomo unafungwa kwa magari kabisa, na kizuizi kinawekwa katikati ya njia. Paki mbali, mshike mtoto mkono.

Haki zako usizozichukua

Mdogo wangu, kuna mambo ungekuwa nayo tayari. La kwanza ni kibali cha mkazi. Ukishajiandikisha kwenye manispaa na polisi wa mtaa akaja kuthibitisha kwamba kweli unaishi hapo, unaweza kuomba kibali kinachokuondolea diski au malipo katika zoni yako. Zoni yako, si mji mzima. Siku hizi mara nyingi hakuna karatasi, kinaunganishwa na namba ya gari kwenye kompyuta. Gari likiwa la kampuni, mwajiri akuandikie barua. Ukibadilisha gari, badilisha na namba kule, maana kibali cha gari la zamani hakikulindi.

La pili ni la kazi yako, na sijui kwa nini mwajiri hajakwambia. Miji mingi ya Flanders ina mpango uitwao "zorgparkeren", maegesho ya watoa huduma. Mwenye nyumba anayejitolea anabandika stika kwenye lango la gereji yake, akimaanisha: nesi au mtoa huduma akiwa na haraka, apaki mbele ya lango langu. Wewe unaweka kiooni kadi maalumu yenye namba yako ya simu, unakaa hadi nusu saa, na mwenye lango akitaka kutoka anakupigia, unakuja kusogeza. Uliza manispaa kama mji wako umo. Waambie na wazee wako. Wapo wenye gereji tupu ambao wangebandika stika kwa furaha. Mlioko Wallonia, ulizeni komuni yenu ina kadi gani kwa wauguzi wa majumbani, na mwajiri wenu aulize pia kwa niaba yenu.

La tatu ni kadi ya mlemavu, ile ya buluu ya Ulaya inayotolewa Ubelgiji na wizara ya shirikisho ya usalama wa jamii. Ni ya mtu, haifuati gari. Mama mkwe mwenye kadi akiwa ndani ya gari, itumie: nafasi zenye alama ya kiti cha magurudumu ni zake, na zoni ya buluu haimhesabii muda. Kwenye kulipia, bure au si bure huamuliwa na mji, kwa hiyo soma mashine. Mama mkwe akibaki nyumbani, kadi nayo ibaki nyumbani. Nafasi ile ikiibwa, mwenye kuihitaji kweli analazimika kurudi kwake bila kufika alikokusudia.

Barua ikija

Jua kwanza barua ni ya aina gani. Ukizidisha muda au usipolipa kwenye zoni, hiyo kwa kawaida si faini ya polisi. Ni malipo ya mji, "retributie" kwa Kiholanzi, "redevance" kwa Kifaransa. Hesabu yake ni kwamba asiyelipa amechagua mwenyewe bei ya jumla ya nusu siku au ya siku nzima, na bei hiyo huwa makumi ya yuro, kila mji na kiwango chake. Ukipaki pasiporuhusiwa kabisa, kama kwenye njia ya baiskeli au nafasi ya mlemavu, hiyo ni faini, na tangu 2018 zile zinazotozwa kupitia manispaa zilipangwa yuro 58 kwa makosa mepesi na 116 kwa mazito.

Aina yoyote iwe, usiitie kwenye droo. Nimeona kina dada wakizipanga nyuma ya televisheni bila kuzifungua. Barua ya kwanza ikipuuzwa inakuja ya kukumbusha, na gharama zake. Ikipuuzwa hiyo, inakuja ya ofisa wa mahakama anayekusanya madeni, na hapo gharama zinaizidi hata ile bei ya awali. Kama una haki, kwa mfano kibali kilikuwepo au mashine ilikuwa mbovu, pinga kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa, weka picha ya bango, ya mashine, ya risiti. Maneno ya simu hayaachi ushahidi. Kama huna haki, lipa mapema ulale. Na kama deni limekuzidi, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa, OCMW huko Flanders, CPAS huko Wallonia. Wana huduma ya kusuluhisha madeni, na haikuwekwa kwa ajili ya wazawa peke yao.

Ukikodi gari, barua inaenda kwanza kwa mwenye gari, naye anakuletea pamoja na ada yake ya usumbufu.

Ukienda miji mikubwa

Neno la mwisho kwa wanaopanda Brussels Jumamosi kutafuta muhogo na samaki kwenye mtaa wa Matonge. Brussels na Antwerp zina kanda zinazozuia magari yenye moshi mwingi, na gari la mtumba la dizeli laweza kukupatia faini kwa kuingia tu, hata kabla hujapata pa kupaki. Miji midogo haina kanda hizo. Acha gari kituoni kwenu, panda treni. Na mgeni akitaka kuona jumba la makumbusho ya Afrika pale Tervuren, lile jengo lililofunguliwa 1910 na kufunguliwa upya 2018, tramu namba 44 kutoka Montgomery inawapeleka mkipita msituni. Mtaongea njia nzima, hamna wa kutafuta nafasi.

Sasa, mdogo wangu nesi, kazi yako ya wiki hii ni hii: weka diski garini, fungua ramani ya zoni kwenye tovuti ya mji, omba kibali cha mkazi, na Jumatatu mwulize bosi wako habari za zorgparkeren mbele ya wenzako wote. Nyie wengine mliokwishaupata utaratibu wa miji yenu, msikae nao. Akifika mgeni, kabla hamjampikia pilau, mwambieni siku ya soko.